Mr. Bean wa Salgaa na neno lililochelewa kufika

MWEZI Desemba uliopita tulikuwa tumeketi sebuleni kwa dada yangu huko Salgaa, watoto wamejaa zuliani, runinga ikionyesha kipindi cha zamani cha Mr. Bean. Mpwa wangu, aliye mwaka wa tatu chuoni, akanigeukia na kusema, "Anko, huyu mtu ana usonji. Hebu mwangalie vizuri."

Nilimjibu kama mwalimu. Nikamwambia kwamba mhusika hana damu wala ubongo, kwa hivyo hapimwi na daktari. Nikaongeza kwamba mhakiki hujadili kilichomo katika kazi ya sanaa, si kile ambacho yeye angependa kiwemo. Hivyo ndivyo nilivyowafunza wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30. Msichana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Lakini si ni nyinyi mlianza kumwita Anko mdogo Bin?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kwa asiyeijua, Salgaa ni kituo cha malori kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, takribani kilomita 30 kutoka mjini Nakuru. Madereva wa masafa marefu hulala hapo kabla ya kukwea Sachangwan na kuendelea na safari ya Uganda, Rwanda au Kongo. Anko mdogo ni ndugu yangu anayenifuata, na ameishi karibu na barabara hiyo maisha yake yote. Alichelewa kusema, na alipoanza, alisema nambari. Aliketi kando ya lami akisoma nambari za usajili za malori, na hakuzisahau. Lori lililopita Jumatatu likirudi Ijumaa alilijua, na alijua pia kama limebadilishwa gurudumu. Mgeni akimsalimu, aliangalia viatu vya mgeni. Ukimbadilishia kikombe cha chai, hakunywa.

Shule moja ilimrudisha nyumbani kabla hajamaliza darasa la pili, ati hafundishiki. Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema amerogwa, wa pili akasema mama amemdekeza, wa tatu akamwita zuzu na kumaliza maneno. Waliomtendea haki walikuwa madereva. Walimpa jina la Logbuku, wakawa wanamlipa alinde malori usiku.

Tulitazame neno lenyewe sasa, kwa kuwa ukurasa huu ni wa lugha. Neno la Kizungu linalotafsiriwa usonji lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1911. Alilitoa katika Kigiriki, autos, yaani nafsi, akieleza jinsi baadhi ya wagonjwa wake watu wazima walivyojifungia katika ulimwengu wao. Kiarabu husema tawahhud, kutokana na mzizi ule ule wa wahid uliotupa neno tauhidi. Lugha zote mbili, basi, zilimwona mtu aliye peke yake.

Neno hilo lilihamia kwa watoto hatua kwa hatua. Mwaka 1925 daktari Grunya Sukhareva wa Moscow aliandika kuhusu wavulana wenye tabia ambazo leo tungezitambua mara moja. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika yake huko Vienna, kwa Kijerumani, na wasomaji wa Kiingereza hawakuyajali sana hadi Mwingereza Lorna Wing alipoyafufua mwaka 1981. Ndugu yangu alizaliwa miaka ya 60. Neno lilikuwa tayari duniani. Salgaa ndiko lilikokuwa halijafika.

Si kwamba hakuna aliyelitafutia mahali Afrika. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya katika miji tisa ya nchi sita za bara hili. Kati ya watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili aliowachunguza, aliwatambua tisa tu kuwa na usonji. Takwimu za aina hiyo zinaweza kumfanya mtu adhani kuwa hali hii ni ya Wazungu. Lakini uchunguzi ule ulifanywa mijini, miongoni mwa watoto ambao tayari walikuwa wametambuliwa na kupelekwa mahali pa kutunzwa. Ndugu yangu hakuwa katika taasisi yoyote. Alikuwa kando ya barabara akihesabu malori. Asingehesabiwa hata kama mtafiti angepita hapo kwa gari.

Hapa kwetu wazazi ndio waliosukuma gurudumu. Mwaka 2003 walianzisha chama cha kitaifa cha kutetea watoto wenye hali hii, na mwaka huo huo kitengo chao kikafunguliwa katika Shule ya Msingi ya City, jijini Nairobi. Mwishoni mwa 2007 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya dunia ya kuhamasisha watu kuhusu usonji. Ndugu yangu wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, na jina alilokuwa nalo mtaani lilikuwa limetoka kwenye runinga.

Runinga ilianza nchini Kenya mwaka 1962, lakini kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha wenye nacho. Sisi wa vituoni tuliipata katika hoteli za chai. Nakumbuka umati uliokuwa ukijaa kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang', aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, walikuwa kama majirani zetu. Baada ya muda kila kijiji kikawa na Ojwang' wake. Mtu akivaa kofia kwa namna fulani au akigombana na mkewe kwa namna fulani, basi, jina amepata.

Nimekuja kuamini kwamba huo nao ulikuwa uhakiki. Mtazamaji alichukua mhusika akamfanya kipimo cha mtu anayemjua. Hakusoma nadharia popote. Alitazama mwendo, sauti, mavazi na mazoea, akalinganisha. Kasoro ni kwamba kipimo chenyewe kilikuwa cha vichekesho, kwa hivyo aliyepimwa alitoka pale akiwa kichekesho.

Ndipo akaja Mr. Bean. Kipindi hicho, kilichoigizwa na Rowan Atkinson, kilianza kuonyeshwa Uingereza siku ya kwanza ya mwaka 1990, na baadaye kikatufikia, hasa kwa kanda za video. Salgaa kilipendwa kuliko vyote, na sababu ni ya kilugha: Mr. Bean karibu hasemi. Dereva wa Kongo, taniboi wa Uganda na mama wa Molo aliyeleta viazi walicheka pamoja bila mkalimani. Watoto wakamtazama ndugu yangu, na koti lake moja la kila siku, na kufuli mbili kwenye mlango wa banda lake, wakaanza kumfuata wakiita, "Bin! Bin!" Nami nilicheka. Nakiri zaidi ya hapo: mimi ndiye niliyeliingiza jina hilo nyumbani.

Turudi kwa mpwa wangu na ushahidi wake, maana ushahidi alikuwa nao. Mr. Bean huvaa koti lile lile na tai nyekundu ile ile. Gari lake dogo hulifunga kwa komeo na kufuli. Rafiki yake wa kuaminika ni mwanasesere wa dubu. Mambo yanayotatuliwa na wengine kwa kuuliza, yeye huyatatua kwa mbinu ndefu alizobuni mwenyewe, na zina mantiki yake kamili. Hajui ni lini watu wanatania. Hata mwanzo wa kipindi humwonyesha akiangushwa barabarani kutoka juu, ndani ya duara la mwanga, kama mgeni aliyeletwa mahali ambapo wenyeji wote wanajua kanuni ila yeye.

Je, Atkinson alikusudia hayo? Yeye amemweleza Mr. Bean kuwa mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Ni vivyo hivyo kwa Sheldon wa The Big Bang Theory, ambaye mashabiki wengi wanamsoma kuwa na usonji, ilhali mmoja wa watunzi, Bill Prady, alishasema kwamba hawakumbuni wakiwa na hali hiyo akilini. Kwa mizani yangu ya zamani, kesi ingefungwa hapo. Lakini mimi huyo huyo ndiye ninayewasomesha wanafunzi insha ya Roland Barthes ya 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, nikiwaambia kwamba maana haimilikiwi na mtunzi peke yake. Siwezi kumpa msomaji wa riwaya uhuru huo kisha nimnyime msichana anayetazama runinga sebuleni kwa mamake.

Wapo wahusika waliotangazwa wazi na watunzi wao: daktari Shaun Murphy wa The Good Doctor (2017), na wakili Woo Young-woo wa tamthilia ya Korea ya 2022. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini asitosheke na hao. Jibu lake nimelifikiria sana. "Hao wote ni majiniasi, Anko. Lazima uokoe mgonjwa ama ushinde kesi ndio watu wakuvumilie. Mr. Bean hajashinda chochote. Anaenda tu dukani."

Pingamizi moja linabaki, nalo ni zito. Mr. Bean ana roho mbaya wakati mwingine. Lile gari la samawati la magurudumu matatu halijamkosea, lakini haachi kulisumbua. Tukisema ana usonji, hatutakuwa tumewasingizia wenye usonji uovu? Ninavyoona, hapana, mradi tusidai kwamba neno moja linaeleza kila tendo la mhusika. Halielezi kila tendo la mtu pia. Ndugu yangu ni mkaidi na hakopeshi hata shilingi kumi. Huo si usonji. Huo ni baba yetu mtupu.

Ndiyo sababu nataka tuwe waangalifu na vitenzi tunavyoliambatanisha neno hili. Magazetini na redioni bado nakutana na "anaugua usonji" na "mgonjwa wa usonji". Usonji ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo. Si malaria. Tuseme "mwenye usonji", au "ana usonji", kama alivyosema mpwa wangu bila kufunzwa. Na tusilifanye tusi jipya la kuchukua nafasi ya zuzu, kwa maana nimeshasikia vijana wakitupiana neno hili kwa mzaha. Neno likifika limechelewa, angalau lifike likiwa safi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye banda la ndugu yangu na simu yangu. Nilimwonyesha kipindi kimoja cha 1990 ambapo Mr. Bean anakwenda hotelini peke yake siku yake ya kuzaliwa. Anatoa kadi, anaiandika, anaitia katika bahasha na kuiweka mezani, kisha anajifanya ameshangaa kuiona. Hapo ndipo watu hucheka. Ndugu yangu hakucheka. Aliitazama sehemu hiyo mara mbili, kisha akasema, "Hakuna mtu mwingine anajua tarehe yake."

Nikatambua kwamba mimi pia siijui yake. Najua 1911, 1943 na 1978, lakini tarehe ya kuzaliwa ya ndugu yangu wa tumbo moja sikuijua.

Nilimweleza kuhusu neno lile, polepole, nikimwambia kwamba mimi si daktari na kwamba huenda nimekosea. Aliniuliza swali moja tu: "Wako wengi?" Nikamwambia wako wengi. "Hata Salgaa?" Hata Salgaa. Akachukua daftari lake la malori, akaniomba nimtajie neno herufi kwa herufi, akaliandika chini ya nambari za usiku uliopita.

Kwa hivyo jibu langu kwa mpwa wangu ni hili. Kumsoma mhusika hivyo hakumpimi mtu yeyote, wala hakuchukui nafasi ya daktari kwa mzazi mwenye mtoto anayehitaji kuonwa leo. Lakini mahali ambapo daktari hakufika, hotelini kwenye runinga ya mafichoni, ndipo wengi wetu tulipoanza kuwatazama watu wa namna hii. Tulitazama vibaya. Kutazama tena ni sehemu ya deni letu.

Watoto wa dada yangu sasa wanamwita Anko Logbuku, jina alilolikubali mwenyewe. Tarehe yake ya kuzaliwa ni mwezi wa Agosti. Nimeshanunua kadi.