Takataka za Msiba na Mambo ya Walawi

Hapa chuoni jina la Mary Douglas hutajwa sana kwa habari ya Wayahudi. Katika Purity and Danger, kitabu alichokitoa mwaka 1966, aliuliza swali la zamani: kwa nini Mambo ya Walawi yanamkataza mtu nguruwe, sungura na samaki asiye na magamba, yaani hata kambare wetu? Jibu lake halikuwa la kiafya. Alisema uchafu ni kitu kilichokaa pasipo pake. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, basi anavuruga mpango wa uumbaji.

Wengi tunakomea hapo kwenye nguruwe. Kumbe sura ya mwisho ya kitabu hichohicho inatua kwa Wanyakyusa, nami niliyezaliwa Kyela sikuweza kuipita hivihivi.

Douglas mwenyewe hakuja kututafiti. Utafiti wake wa uwandani aliufanya kwa Walele wa Kasai, Kongo, kuanzia mwaka 1949. Habari zetu alizipata kwa Monica Wilson, binti wa wamisionari wa Lovedale, Afrika Kusini. Huyu na mumewe Godfrey walifanya utafiti kati ya 1934 na 1938 katika nchi inayoteremka kutoka milima ya Rungwe hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa. (Wakati huo yote ilikuwa Rungwe, Wilaya ya Kyela ilikatwa humo mwaka 1972.) Kitabu chake Rituals of Kinship among the Nyakyusa kilitoka 1957, miaka 13 baada ya Godfrey kufariki.

Monica aliandika kwamba Mnyakyusa wa siku zile aliepuka kwa bidii machafu ya uzazi, ya hedhi, ya maiti, na damu ya adui aliyeuawa. Uchafu ulikuwa ndugu wa wazimu, maana kichaa ndiye alaye uchafu. Sasa hebu tazama msibani. Wafiwa walewale walifagiliwa takataka mpaka miguuni na miilini mwao, nao wakakaa. Maelezo yalikuwa haya: heri zije leo, tukizipokea wenyewe, kuliko wazimu uje kesho. Aliyekwepa desturi za mazishi ndiye aliyekuwa hatarini kurukwa na akili.

Mwanasaikolojia angerukia hapo na kusema huzuni isiyotolewa nje huozea ndani. Douglas hakwenda njia hiyo. Katika kitabu kilekile alimpinga Bruno Bettelheim, aliyeeleza desturi za jando kwa wasiwasi ulio ndani ya nafsi ya mtu mmoja mmoja. Kwake desturi ni kauli ya jamii nzima. Wanyakyusa, kwa maoni yake, walikipokea kifo kwa hiari na hivyo wakakipunguzia makali. Nakubaliana naye; usomaji huu ni mzuri kuliko ule wa nguruwe.

Mbona basi aliurudia ule wa nguruwe tu? Mwaka 1993 alitoa In the Wilderness, juu ya kitabu cha Hesabu. Mwaka 1999 akatoa Leviticus as Literature, ambamo Walawi inasomwa kama kazi ya sanaa iliyopangwa kwa mfano wa hema ya kukutania. Alijifunza kutoka kwa Jacob Milgrom, rabi na mfafanuzi mkubwa wa Walawi, na katika dibaji ya toleo la 2002 la Purity and Danger akaukana ufafanuzi wake wa mwanzo. Wayahudi walikuwa na andiko, na walikuwa na watu wa kumjibu. Kwetu hakuandika kitabu cha pili. Alifariki mwaka 2007.

Nami kama mwanafunzi wa fasihi naona kosa liko kwenye njeo. Walawi ilipewa historia na muundo. Sisi tuliwekwa katika wakati uliopo: Wanyakyusa "wanafagia", kana kwamba saa ilisimama. Lakini Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891, na Monica mwenyewe aliwakuta Wakristo wakiomboleza pamoja na wasio Wakristo. Marcia Wright naye alionyesha mwaka 1972 kwamba ibada za Wanyakyusa zilibadilika pamoja na siasa za karne ya 19. Tena, nyuma ya maneno ya Monica alikuwepo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani Mnyakyusa, aliyefariki 1938. Kazi yake ilikuja kuelezwa kwa kirefu katika Inside African Anthropology, mwaka 2013. Je, tafsiri ile ya takataka ni ya wafiwa, ya Mwaisumo, ya Monica, au ya Douglas? Walawi tunaichambua hivyo hivyo, mkono kwa mkono wa waandishi wake.

Wapo kati yetu wanaokwenda likizo Ipinda na Matema. Wazee wa huko bado wanasimulia misiba waliyosimuliwa na wazazi wao, kwa Kinyakyusa. Daftari na kalamu vinatosha kuanzia.