Kizazi Kikishuka: Historia ya Wavu wa Upasuaji

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Eldoret hulificha: kizazi kushuka baada ya kuzaa.

Mwaka 2002, Marekani iliruhusu wavu wa plastiki wa kushonwa kupitia ukeni ili ushikilie kizazi au kibofu kilichoshuka. Madaktari walitumaini utadumu kuliko nyuzi peke yake. Lakini kwa baadhi ya akina mama wavu ulitokeza ukeni, ukaleta maumivu na damu. Kuutoa kulikuwa vigumu, kwani nyama huota ndani ya matundu yake. Walilalamika. Onyo la serikali lilitoka 2008, na amri ya kuacha kuuza wavu huo ikaja Aprili 2019.

Mama, usiogope matibabu, na usinyamaze. Nenda kliniki. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, pete ya kushikilia kizazi, na upasuaji wa nyuzi. Ukiambiwa utapasuliwa, uliza: "Daktari, mtaniwekea kitu ndani? Kikinisumbua, kitatolewa vipi?" Kuuliza si kumkosea daktari heshima. Ni haki yako.