Kompyuta katika stoo ya dawa: inafanya nini, na inategemea nini?

Chukulia mama wa Robanda, wilayani Serengeti, amempeleka zahanati mtoto mwenye homa. Kipimo kinaonyesha malaria, lakini dirishani anaambiwa dawa ya mseto imekwisha. Atafute nauli ya kwenda Mugumu, au arudi nyumbani? Mara nyingi jibu la swali hilo huanzia kwenye namba iliyoandikwa stoo wiki nyingi kabla.

Vituo vya umma hupata dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Zamani taarifa na maombi ya dawa vilijazwa kwenye karatasi tu. Siku hizi maombi hupita katika mfumo wa kompyuta uitwao eLMIS. Vituo vingine pia hutumia GoTHOMIS, mfumo unaoandikisha wagonjwa, malipo na dawa zinazotolewa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kituo kilianza na dozi 300, kikapokea 600, kikatoa 540, na 20 zikaharibika. Stoo zinapaswa kubaki 340. Zikihesabiwa kwa mkono zikawa 290, dozi 50 hazina maelezo, na lazima zitafutwe. Mfumo ukijazwa vizuri huonyesha pia dawa zinazokaribia kuisha muda wake, ili zitolewe kwanza.

Lakini kompyuta haioni rafu. Inaamini inachoandikiwa. Tuseme mseto uliisha kwa siku 30 kati ya 60, na mhudumu hakuandika siku hizo. Mfumo utaona dawa kidogo imetumika, utadhani wagonjwa ni wachache, na oda ijayo itakuwa ndogo. Uhaba unazaa uhaba mwingine. Ndiyo maana siku ambazo dawa haikuwepo huandikwa, na leja ya karatasi bado inahitajika, hasa umeme au mtandao unapokatika.

Je, taarifa sahihi inaleta dawa kweli? Tunao mfano wa hapa nchini. Mwaka 2009 hadi 2010, vituo 129 vya wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini vilishiriki jaribio la wiki 21 lililoitwa SMS for Life. Kila wiki wahudumu walituma idadi ya dawa za malaria kwa ujumbe wa simu ya kawaida, na viongozi wa wilaya wakaona wapi zimepungua. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Mwishoni vilibaki 26. Kilichosaidia ni taarifa kufika mapema, na mtu kuifanyia kazi.

Nawe msikilizaji una nafasi yako. Ukipewa dawa, hakikisha imeandikwa. Ukiambiwa imekwisha, uliza kwa upole: imekwisha lini, na imeombwa? Kijiji kina wawakilishi katika kamati ya usimamizi wa kituo. Waulize kama walishuhudia dawa zikipokelewa, na kama zilihesabiwa. Kompyuta huharakisha taarifa. Ukweli wake huanzia mkononi mwa anayehesabu.