Je, kampuni binafsi inaruhusiwa kuchimba madini kwenye asteroidi?

Jibu fupi: kwa sheria za nchi chache, ndiyo. Kwa sheria ya kimataifa, hakuna kifungu kinachotaja uchimbaji huo moja kwa moja, na hapo ndipo penye mabishano.

Asteroidi ni nini?
Ni miamba inayolizunguka Jua kama inavyofanya Dunia. Mingi iko kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Baadhi ina chuma, nikeli na platini. Mpaka sasa hakuna kampuni iliyoleta madini hayo duniani. Chombo cha serikali ya Marekani kilileta gramu 121.6 kutoka asteroidi ya Bennu mwaka 2023. Hiyo haifiki hata nusu robo ya sukari unayopimiwa dukani.

Sheria ya kimataifa inasemaje?
Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha Mwezi au gimba lingine la angani. Unasema pia kwamba anga litumike kwa manufaa ya nchi zote, ziwe tajiri au maskini. Kampuni nayo haiendi huko kiholela: lazima nchi yake iipe kibali, iisimamie na iwajibike kwa inachofanya.

Ubishi uko wapi?
Marekani inasema kumiliki mwamba ni jambo moja, kumiliki ulichochimba ni jambo jingine. Mvuvi wa bahari kuu hamiliki bahari, lakini samaki aliyemvua ni wake. Wanaopinga wanauliza: asteroidi ndogo ikichimbwa yote ikaisha, si umeshaimiliki?

Nchi zipi zimeruhusu?
Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2015. Luxembourg ilifuata 2017, Falme za Kiarabu 2019 na Japani 2021.

Kulikuwa na njia nyingine?
Ndiyo. Mkataba wa Mwezi wa mwaka 1979, unaogusa pia asteroidi, unayaita madini hayo urithi wa pamoja wa binadamu, na unataka nchi zinazoendelea zifikiriwe katika mgawo. Lakini Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na mkataba usio na wenye roketi hauna meno.

Sisi tunahusikaje?
Desemba 2022, Rwanda na Nigeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis, yanayoongozwa na Marekani. Yanasema kuchimba peke yake si kujimilikisha anga. Makubaliano hayo hayana nguvu ya sheria, ila yanaonyesha nchi imesimama upande gani.

Wakati huohuo, kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu, yenye makao Vienna, Austria, ina kikundi kinachojadili kanuni za uchimbaji huo. Kenya na Rwanda ni wanachama wa kamati. Humo mambo hupitishwa kwa maafikiano, si kwa wingi wa kura, kwa hiyo neno la nchi isiyo na roketi lina uzito sawa na la mwenye nazo. Wakati wa kulisema ni sasa, kabla mzigo wa kwanza haujashuka, kwa sababu aliyekwisha kuchimba hatataka kugawana.