Tumbe na Chwaka: miji ya kale jirani na Konde

Mashariki ya Konde, kaskazini ya Pemba, kuna mahame ya miji miwili iliyofuatana karibu pahala pamoja. Tumbe ya kale ilikaliwa tangu karne ya 7 au ya 8 hadi karne ya 10. Chwaka ilianza katika karne ya 11, ikahamwa katika karne ya 16.

Wenyeji waliijua Chwaka zamani, kwa sababu misikiti na makaburi yake ya mawe yalikuwa bado yanaonekana. Kaburi moja hutajwa kuwa la Haruni, mwana wa Mkame Ndume, mtawala anayesimuliwa kwa ukatili wake na ambaye ngome yake iko Pujini. F. B. Pearce, aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza Zanzibar, aliyaeleza magofu ya Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1920. Tumbe haikuwa na bahati hiyo. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, na zilipoanguka pakabaki mashamba tu, hata mpita njia asijue kwamba anakanyaga mji.

Mji huo ulifahamika vizuri baada ya wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette kuichunguza na kuichimba kaskazini ya Pemba, kazi iliyoendelea katika miaka ya 2000. Tumbe ilitoa vigae vya mitungi yenye rangi ya buluu-kijani kutoka Ghuba ya Uajemi, pamoja na maelfu ya vigae vyenye mifereji. Mifereji hiyo ilichimbika kwa kusugulia vipande vya kombe za baharini mpaka viwe shanga za mviringo. Kazi ya aina hiyo ilifanyika pwani nzima, lakini ni nadra kuonekana kwa wingi kama huo.

Wakati wa Tumbe, vijiji vidogo vilitapakaa sehemu hizo za kisiwa. Kufikia karne ya 11 vingi vilikuwa vimehamwa, na Chwaka ikaota kando ya Tumbe, ambayo nayo ilikuwa imekwisha kuachwa. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba watu wa mashamba ndio walioujaza mji mpya. Kwa hiyo ile hadithi ya mji wa pwani kuletwa na wageni waliotoka ng'ambo haiitoshi Chwaka.

Chakula nacho kilibadilika. Mwanaakiolojia Sarah Walshaw aliutia udongo wa mashimo ya uchimbaji ndani ya maji ili mbegu zilizoungua zielee, kisha akazikusanya na kuzitambua. Za Tumbe zilikuwa uwele kwa wingi. Chwaka mpunga ulitawala. Mpunga hutaka mvua nyingi na kazi kubwa, na uwele huvumilia ukame, kwa hiyo njaa peke yake haielezi badiliko hilo. Fleisher amelihusisha na karamu: mwenye cheo alijijengea heshima kwa kulisha watu, na mabakuli ya kigeni yalikuwa sehemu ya kuandalia. Msikiti wa Ijumaa uliwakusanya watu hao hao pamoja.

Kwengine kisiwani pia miji ilistawi. Mtambwe Mkuu, pwani ya magharibi, mwaka 1984 palipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, alikitaja kisiwa hiki kwa jina la Jazirat al-Khadhra, akasema kina miji miwili na kila mmoja una sultani wake. Majina aliyoyaandika hufasiriwa kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Chwaka hakuitaja.

Mpunga haukuondoka pamoja na watu wa Chwaka. Wareno walipokuwa Mombasa, mchele wa Pemba ndio uliopelekwa huko kuulisha mji.