Rumba ya Kifo Mjini Bukavu

Muziki wa Kinshasa uliingia Bukavu kwa redio na santuri, ukaja na Kilingala chake. Wakazi wa Kadutu na Bagira, sehemu za mji huo, walizungumza Kiswahili na Kimashi. Kilingala walikisikia zaidi kwa askari, maana ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi. Wimbo uliweza basi kupendwa miaka na miaka kwa ajili ya magitaa yake tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Mokolo Nakokufa" wa Tabu Ley Rochereau, wa mwaka 1966. Sauti ni laini na rumba inakwenda taratibu, inawafaa kabisa wawili walioshikana kiunoni. Maneno ni mengine: mtu mmoja baada ya mwingine anaiwazia siku ya kufa kwake. Tajiri anawaza nyumba, malori na watoto aliowapeleka Ulaya. Mlevi, glasi yake. Ni kejeli kali, na mcheza dansi asiyejua Kilingala huikosa yote. Na kifo hakikuwa mbali na wachezaji hao: mwaka uliofuata, kuanzia Agosti hadi mapema Novemba, Bukavu yenyewe ilikuwa mikononi mwa mamluki wa Jean Schramme.

"Kasongo" wa Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi, nao huchezwa kwa furaha ingawa ni kilio cha mke aliyeachwa.

Franco, mwanamuziki mwingine wa Kinshasa, hakutaka kubahatisha kama ataeleweka. Katika "Attention na SIDA" (Jihadhari na UKIMWI), mwaka 1987, alitumia Kifaransa kingi, akisema kama mhubiri, na wanafunzi, walimu na madaktari kila mmoja akaambiwa lake.