Kompyuta Imeuzwa, Leseni Imebaki kwa Nani?

Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama, imekaa kando ya barabara ya lami itokayo Singida kwenda Shelui na Nzega, njia ya malori na mabasi ya Kanda ya Ziwa. Kompyuta za mtumba hupita njia hiyohiyo. Mtu anayetaka kufungua steshenari katika kituo cha aina hii, achape barua, atoe kopi, apige picha za pasipoti na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu, mara nyingi haanzi na mashine mpya. Hutafuta Dell au HP iliyokwishatumika ofisini, ambayo fundi ameshaipiga Windows na kuiwekea Office na Photoshop. Analipa bei moja kwa vyote na kuondoka. Katika vile alivyolipia, ni kipi hasa kimekuwa mali yake?

Wanasheria wetu wameliacha swali hili kwa mafundi, na mafundi wamelijibu kwa kukraki, yaani kuvunja kinga ya programu ili itumike bila leseni. Nadai katika makala haya kwamba leseni iliyolipiwa kwa matumizi yasiyo na kikomo ni mali inayoweza kuuzwa, ilimradi muuzaji aifute nakala yake, na kwamba sheria ya Tanzania itamke hivyo bila kusubiri. Sheria ikinyamaza, anayeumia ni mnunuzi mwaminifu wa kipato kidogo, kwa kuwa kampuni kubwa ina wakili wa kuisomea mkataba.

Ndani ya kompyuta moja ya mtumba mna leseni za aina mbalimbali, na kila moja ina hatima yake. Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungamanishwa na mashine ile. Kwa masharti ya Microsoft yenyewe, mwenye mashine anaweza kumhamishia mtu mwingine leseni hiyo pamoja na kompyuta, lakini hawezi kuichomoa na kuiuza peke yake. Windows iliyonunuliwa dukani kama bidhaa ya pekee inaweza kuhamishiwa mashine nyingine. Ile ambayo kampuni iliinunua kwa mkataba wa jumla kwa ajili ya wafanyakazi wake hubaki na kampuni hata mashine ikiuzwa. Kwa hiyo kompyuta iliyotoka benki au shirika la kimataifa huweza kuwa na leseni mbili, moja juu ya nyingine: ya kiwandani inayosafiri na mashine, na ya shirika isiyosafiri.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifahamu. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huhifadhi ufunguo wa leseni ya kiwandani katika chipu ya ubao mkuu wa kompyuta. Diski ikifutwa, ufunguo unabaki. Fundi anayepokea mashine ya namna hiyo angeweza kuweka Windows ya toleo lilelile na ikajitambua yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Mara nyingi hafanyi hivyo. Anachomeka flashi aliyoizoea, anapiga toleo la kukraki, na mteja anaondoka na programu haramu ilhali leseni halali aliyoilipia imelala ndani ya mashine yake. Nasikitishwa na hili kuliko uharamia wa makusudi, maana mtu ananyang'anywa haki yake bila mnyang'anyi yeyote kufaidika.

Mahakama za nje zimevutana kuhusu umiliki wa nakala iliyouzwa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1908, katika shauri la Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mchapishaji wa vitabu kumpangia muuzaji wa baadaye bei kwa tangazo lililochapwa ndani ya kitabu. Haki yake ya kusimamia mauzo ya nakala ile ilikuwa imekwisha alipoiuza. Lakini mwaka 2010, mahakama ya rufaa ya huko ilipomshughulikia Timothy Vernor, aliyekuwa akiuza mtandaoni nakala za AutoCAD alizozinunua kutoka ofisi ya wasanifu majengo, ilisema ofisi ile haikuwahi kuzimiliki. Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, iliita mauziano yake leseni, ikazuia kuhamisha, ikaweka mipaka ya matumizi. Basi ofisi ilikuwa mpangaji tu, na mpangaji hauzi nyumba.

Ulaya ilikwenda upande mwingine. Tarehe 3 Julai 2012, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kwamba mwenye hakimiliki akipokea malipo yanayolingana na thamani ya nakala na kutoa haki ya kuitumia bila kikomo cha muda, ameuza, awe ametoa diski au ameruhusu kupakua. Haki yake ya kusimamia usambazaji wa nakala ile imekoma. Mahakama iliweka masharti mawili yenye busara: muuzaji wa kwanza aifanye nakala yake isitumike tena, na asiigawe leseni ya watumiaji wengi vipandevipande. Mwaka 2016 iliongeza kwamba nakala ya akiba haiwezi kuuzwa badala ya diski ya asili iliyoharibika bila ruhusa ya mwenye haki.

Naiona hoja ya Luxembourg kuwa ya haki zaidi, na msomaji wa Singida ataielewa haraka kwa kutazama mifugo. Kukabidhiana ng'ombe ni desturi kongwe ya wafugaji: mlezi hukamua maziwa, hutumia samadi, pengine hupewa ndama, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe na mlezi hathubutu kumpeleka mnadani. Mahakama ya Marekani inamtazama mnunuzi wa programu kama mlezi. Kasoro yake iko wazi: mlezi hakulipa bei ya ng'ombe. Aliyetoa bei kamili, hadaiwi kitu tena, wala hakuwekewa siku ya kumrudisha mnyama, amenunua, hata kama karatasi aliyopewa imeandikwa vinginevyo.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi za maandishi, sambamba na vitabu, na kumpa mwenye kazi haki ya kuinakili na kuisambaza. Iliandikwa katika zama za diski na boksi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani hautulazimishi kufuata upande wowote, kwa kuwa Ibara yake ya 6 inaiachia kila nchi suala la lini haki ya usambazaji inakoma. Mlango uko wazi, na Bunge ndilo la kuuingia.

Hata kabla ya marekebisho, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithi misingi ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inachukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuuza anachokiuza na kwamba mnunuzi ataitumia bidhaa bila kusumbuliwa. Muuzaji anayetangaza laptop "ina Windows na Office" halafu Office ikawa ya kukraki, au ya mkataba wa shirika lililoiacha, ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Mnunuzi ana madai ya kweli. Je, programu ni bidhaa? Tarehe 16 Septemba 2021 mahakama ileile ya Luxembourg ilikubali, katika sheria ya mawakala wa biashara, kwamba kutoa programu kwa njia ya kielektroniki pamoja na leseni ya kudumu ni uuzaji wa bidhaa. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Tanzania, ila unaweza kuishawishi.

Wapinzani watauliza nani atahakikisha kwamba muuzaji amefuta nakala yake. Ni swali zito, lakini kampuni zenyewe zimeshalijibu. Mwaka 2013 Microsoft ilipotaka Office 2013 ya dukani ife na kompyuta ya kwanza, wateja walilalamika, na mwezi Machi mwaka huohuo ikaruhusu leseni ihamishwe. Seva zinazothibitisha leseni zinaweza kuifunga mashine ya zamani na kuifungua mpya. Uwezo wa kiufundi upo. Kinachokosekana ni wajibu wa kisheria wa kuutumia kwa manufaa ya mnunuzi wa pili. Watengeneza programu wa Kitanzania nao hawana sababu ya kuogopa: duka lililofungwa Iguguno likimuuzia mwenzake programu ya hesabu, mtumiaji bado ni mmoja, na huyo mpya atahitaji huduma na mafunzo.

Kuna mahali hoja hii haifiki. Adobe, mtengenezaji wa Photoshop, iliacha mwaka 2013 kuendeleza matoleo ya programu hiyo ya kununua mara moja na kuhamia malipo ya kila mwezi. Autodesk ikafuata njia hiyo mwaka 2016. Aliyepanga kwa mwezi hana cha kuuza, na sikusudii kudai vinginevyo. Kwa steshenari ya kijijini na shule ya kata, jibu la kipengele hicho ni programu huria, ambazo hazihitaji ruhusa ya kuhama. Tanzania ina historia yake hapa: mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Haraka ya jambo hili imeongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zinatolewa maofisini. Baadhi zitaishia madukani mwetu na katika maabara za shule kama msaada. Napendekeza mauzo au msaada wowote wa kompyuta yenye programu uambatane na hati ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: toleo la programu, aina ya leseni, tamko la aliyeitoa kwamba amefuta nakala zake, na sahihi za pande mbili. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania inaweza kutoa mfano wa hati hiyo, na halmashauri kama ya Mkalama zikaidai kabla ya kupokea kompyuta za shule. Mwalimu mkuu atakayekabidhiwa mashine ishirini bila karatasi hiyo ana haki ya kumuuliza mfadhili leseni ziko wapi, na kuchelewesha sahihi yake mpaka ajibiwe.